Mpigo wa Pistoni Moja: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Pikipiki za Zamani

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu pikipiki za zamani za silinda moja, kwa hiyo tumeziachia safu nzima. Vipimo vyote vya nafasi (mapengo kati ya vipande) mtakavyoviona hapa hupimwa injini ikiwa ya baridi, yaani imelala usiku kucha.

Shikamooni mafundi. Baba mdogo amenipa Honda CG 125 yake, ya miaka ya 80, yenye umeme wa volti 6. Imekaa stoo miaka tisa chini ya turubai. Kiki inashuka lakini kwa uzito. Nilitaka kutia petroli niipige tu, mama akasema niulize kwanza. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Mama yako kaokoa silinda. Ringi zimekaa mahali pamoja miaka tisa, na ukuta wa silinda hapo juu umeota kutu laini. Ukipiga kiki kavu, kutu hiyo inageuka msasa.

Toa plagi. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu lake, acha hadi kesho. Asubuhi, plagi ikiwa bado nje, weka gia ya juu kabisa na usukume tairi la nyuma kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka pistoni itembee bila kukwaruza. Ndipo urudishe nyutro, ufunike tundu la plagi kwa kitambaa maana oili itaruka, na ushushe kiki polepole mara 20 hivi.

Oili iliyomo usiiamini hata kama inaonekana safi. Imwage, kisha fungua kifuniko cha upande wa kulia. Kwenye ncha ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) utakuta kikombe kinachozunguka pamoja nayo. Hicho ndicho chujio cha CG: kinautupa uchafu pembeni kwa kasi ya mzunguko. Kwa pikipiki ya umri huo, tope limeganda ndani kama lami. Likwangue kwa kijiti cha mti, osha kwa mafuta ya taa, na usafishe wavu wa oili ulio chini. Wengi humwaga oili miaka nenda miaka rudi bila kufungua kikombe hicho, kisha wanashangaa krenki imekufa. Oili mpya ni karibu lita 0.9. Unapopima, kijiti cha kupimia usikizungushe kukikaza, kiache kikae tu juu ya tundu.

Tangi likiwa na kutu, jaza siki nyeupe saa 24, tikisa na mnyororo mfupi ndani, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi iishe, kausha juani siku hiyo hiyo na upakaze oili kidogo. Ukichelewa kukausha, kutu inarudi kabla ya jua kuzama.

Kabureta ndiyo itakayokutesa. Jeti ndogo ya sailensa (injini ikizunguka polepole bila kuvutwa mafuta) ina tundu jembamba sana, na petroli iliyokauka imeliziba kwa utomvu wa rangi ya kahawia. Tumia hewa ya pampu, au uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie waya wa chuma wala sindano: ukilipanua tundu hata kidogo, pikipiki haitatulia tena ikiwa sailensa.

Pointi zake (vigusio vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) zifungue 0.3 hadi 0.4 mm. Zisugue kwa msasa namba 400, kisha pitisha karatasi ngumu iliyoloweshwa petroli kuondoa vumbi la msasa. Plagi ni NGK D8EA, nafasi 0.6 hadi 0.7 mm. Mwisho tazama matairi: tarakimu nne ndani ya umbo la yai ni wiki na mwaka, kwa mfano 2414 ni wiki ya 24 ya mwaka 2014. Likizidi miaka kumi, tupa, hata kama kashata (meno) zake bado ndefu.

Ikiwaka itatoa moshi wa ile oili dakika chache. Usiogope. Baada ya kilomita 100 badilisha oili tena.

Nina Honda XL 185. Vijana wenye pikipiki mpya wananiuliza nalipendea nini dude linalotikisika hivi. Mimi napenda ule mlio tu, dugu-dugu-dugu, ila sina maelezo. Je, mtikisiko huo ni ugonjwa? (Msomaji, Nakuru)

Si ugonjwa, ndugu, ni hesabu. Injini ya mipigo minne huwaka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Ikiwa sailensa kwenye mizunguko 1,300 kwa dakika, silinda moja inawaka mara 650, yaani takriban mara 11 kwa sekunde. Sikio la mtu linaweza karibu kuihesabu midundo hiyo mmoja mmoja. Injini ya silinda nne kwa mwendo huo huo inawaka mara 43 kwa sekunde, na hapo sikio linaiunganisha midundo kuwa mlio mmoja wa kuvuma. Hata jina *pikipiki*, kama lile la *tukutuku* walilotumia wazee, limeiga midundo hii. Ukiketi juu ya XL unaketi juu ya asili ya neno.

Na midundo hiyo ina kazi. Mwenye pikipiki ya silinda moja husikia hitilafu siku ileile inapoanza, kwa sababu hakuna silinda ya pili ya kuificha. Mdundo mmoja ukiruka, umeusikia. Tepeti (skrubu ya kuweka pengo la valvu) ikilegea, kuna *tiki-tiki* mpya ambayo jana haikuwepo. Pia katikati ya midundo kuna gurudumu zito la krenki linalotunza nguvu, ndiyo maana unapanda kilima cha matope kwa mzunguko mdogo, gia ya pili, bila tairi kuteleza ovyo. Kwa mapenzi yetu hiyo ndiyo raha kubwa kuliko mwendo kasi.

Mtikisiko wenyewe unatokana na pistoni kwenda na kurudi. Uzito uliowekwa kwenye krenki unaweza kupunguza kutikisika kwa juu na chini, lakini unachopunguza huku unaongezeka mbele na nyuma. Hauishi, unahamishwa tu. Ndiyo sababu Honda walipotoa XL 500 S waliiwekea vipingauzito viwili vinavyozunguka ndani ya injini.

Cha kufanya ni kuzoea kukagua kila kilomita 500: boliti zinazoshika injini kwenye fremu, nati za eksozi, boliti za kibao cha namba, na nyaya pale zinapopita shingo ya usukani, maana ndipo ngozi yake huchubuka. Tia washa za springi chini ya nati. Usikaze kwa hasira. Boliti iliyokazwa kupita kiasi kwenye aluminiamu inang'oa nyuzi, na hapo umeingia gharama ya kutia nyuzi mpya. Kama mtikisiko umeongezeka ghafla, anza na boliti za injini kabla ya kufikiria kingine chochote.

Habari za kazi, kaka zangu. Ninajifunza ufundi VETA, chuo cha ufundi stadi. Mwalimu alitupitisha haraka kwenye kuseti tepeti za CG. Naomba hatua zake taratibu, na sababu. (Msomaji wa kike, Dodoma)

Nzuri, dada. Hii ndiyo kazi inayomtofautisha fundi na mfungua nati.

Injini iwe baridi kabisa. Toa plagi ili krenki izunguke kwa wepesi. Fungua kifuniko cha kushoto uone sumaku, na kifuniko cha roka (mikono inayosukuma valvu) juu ya hedi. Kwa spana, zungusha nati ya sumaku kinyume cha saa mpaka alama ya T ikutane na alama iliyo kwenye mwili wa injini. Sasa shika roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza kidogo zote, pistoni iko juu na valvu zote zimefunga: hapo ndipo mahali pako. Moja ikiwa ngumu, zungusha duara moja zima, uje tena kwenye T. Wanafunzi wengi hukosea hapa. T inakuja mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, na moja kati ya hizo si yako.

Nafasi ya CG 125 ni 0.08 mm, ya kuingiza na ya kutoa sawasawa. Legeza nati ya kufungia, ingiza fila geji (majani membamba ya kupimia pengo), geuza skrubu mpaka jani lipite kwa kukwama kidogo, kama unavyovuta noti chini ya kitabu. Kisha, na hapa ndipo ufundi ulipo, shikilia skrubu isizunguke unapokaza nati. Pima tena baada ya kukaza. Mara nyingi utakuta imebana, utarudia. Rudia.

Sababu: valvu ya kutoa hupoza kichwa chake kwa kugusa kiti kila inapofunga. Ukibana tepeti, valvu inafunga nusunusu, haipoi, gesi ya moto inapita pembeni yake na kuila ukingo. Dalili ni pikipiki kuwaka vizuri asubuhi na kukataa ikipata moto. Ikiwa legevu kidogo inapiga kelele tu. Ndiyo maana wazee wa karakana husema tepeti inayolia haijafa. Kagua kila kilomita 3,000.

Oili ya gari naweza kutia? (Msomaji, Mbeya)

Angalia kopo. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze. Tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya aina hii. Uzito wa 20W-50 au 10W-40 unafaa kwa joto letu. Badilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Injini ndogo yenye oili chini ya lita moja haina akiba.

Nimenunua Yamaha XT 500. Ilinipiga kiki, mguu ukavimba siku tatu. Jamaa wananiambia niiuze. (Msomaji, Nairobi)

Pole sana. Usiiuze. Aina hiyo ndiyo aliyoshindia Cyril Neveu mbio za kwanza za Paris-Dakar, zilizomalizika Januari 1979, akarudia mwaka 1980. Haihitaji nguvu, inahitaji utaratibu.

Kiki ya kurudi hutokea pale unapoikanyaga nusu. Pistoni inafika karibu na juu, plagi inawasha, lakini gurudumu la krenki halina kasi ya kulivuka kilele, basi pistoni inarudi ilikotoka na mguu wako. Injini ya sm 499 za ujazo ina nguvu ya kutosha kuvunja kifundo. Kwa hiyo vaa buti ngumu, halafu fanya hivi. Shusha kiki polepole hadi ikatae: umefika kwenye mgandamizo. Bana wenzo mdogo wa kupunguza mgandamizo ulio upande wa kushoto wa usukani, shusha kiki kidogo tu, pistoni ivuke kilele. Achia wenzo. Iache kiki irudi juu yenyewe. Sasa ikanyage mkanyago mmoja mrefu hadi chini kabisa, goti limekunjika kidogo, bila kuvuta mafuta hata chembe. Kuvuta mafuta ndiko kunakoifurika kabureta. Choki ni kwa injini baridi tu.

Ukifuata hayo na bado inarudisha, moto unawahi. Pima pointi na muda wa kuwasha kabla ya kujaribu tena, maana hilo si kosa la mguu.

Salaam kutoka Leicester. Nimepata Royal Enfield Bullet 350 ya chuma iliyotengenezwa India. Gia ziko kulia, breki kushoto, nachanganyikiwa. Na je, petroli ya huku inaifaa? (Msomaji, Uingereza)

Salaam nyingi. Bullet ilianza kuunganishwa Madras, Chennai ya leo, mwaka 1955, na mwaka 1977 Wahindi wakaanza kuiuza huko Uingereza ilikozaliwa. Silinda yake ni ya mm 70 kwa mwendo wa pistoni wa mm 90. Pistoni nyembamba yenye safari ndefu, ndiyo maana inatembea kama mzee mwenye fimbo, kwa hatua nzito zisizo na papara.

Gia: ya kwanza unainua, tatu zilizobaki unakanyaga. Kwenye sanduku la gia kuna pedali ndogo ya pili, ikanyage ukiwa gia ya pili, ya tatu au ya nne, inakupeleka nyutro moja kwa moja. Kutoka ya kwanza haifanyi kazi. Zunguka uwanjani saa nzima kabla ya kuingia barabarani, kwa sababu hatari halisi ni ile siku utakayoshtuka na mguu wa kulia ukatafuta breki ukakuta gia.

Kuwasha kwake kuna uzuri wa pekee. Fungua switchi, tazama sindano ya amita (kipima umeme) kwenye taa ya mbele. Shusha kiki polepole: sindano inayumba upande wa kutoa, kisha inarudi katikati. Hapo pointi zimefunguka. Bana kidekompresa (wenzo wa kupunguza mgandamizo), sogeza kiki kidogo, achia, kanyaga. Nafasi ya pointi ni 0.35 hadi 0.40 mm.

Tepeti zake hazina nafasi. Fungua kifuniko kidogo upande wa kulia chini ya silinda, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Zungusha pushrodi (fimbo inayosukuma roka) kwa vidole viwili: izunguke kwa ulaini bila kupanda wala kushuka. Ukiweka pengo kama la Honda, itapiga kelele za cherehani.

Petroli ya kawaida huko tangu Septemba 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Inalainisha mipira ya zamani na kuvuta unyevu. Tumia ile ya super yenye E5, na pikipiki ikilala majira ya baridi, kausha kabureta.

Jambo sana. Huku Goma moto (pikipiki) yangu ya abiria, 125 ya pushrodi kutoka China, inatoa moshi wa bluu. Fundi anataka kuchonga silinda. Nitajuaje anasema kweli? (Msomaji, Goma)

Injini yako ni mjukuu wa Honda CG ya mwaka 1976, kwa hiyo yaliyosemwa juu yanakuhusu. Kwanza pima oili. Ikizidi alama ya juu, ya ziada inapitia bomba la kupumulia na kuungua. Unaweza kuwa unalia bure.

Kama kiwango ni sawa, tazama moshi unatoka lini. Ukishuka mteremko umeachia mafuta, kisha ukavuta na wingu likatoka mara moja na kuisha, ni sili za valvu, kazi ndogo. Ukitoka muda wote, na zaidi ukibeba watu kupanda mlima, ni ringi au silinda. Thibitisha: toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili, rudisha plagi, shusha kiki. Ikiwa nzito kuliko mwanzo, ringi zimechoka. Isipobadilika, valvu ndizo zinazovuja na kuchonga silinda hakutasaidia kitu.

Ikibidi kuchonga, nunua pistoni kwanza ndipo umpelekee mchongaji, achonge kufuata pistoni hiyo. Silinda asili ni mm 56.5, na pistoni za akiba huongezeka kwa robo: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. (Za 150 ni mm 62, usichanganye dukani.) Baada ya kuchonga, osha silinda kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Petroli peke yake haiondoi vumbi la jiwe la kunolea. Kausha, paka oili, pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu, osha tena. Hatua hii ikirukwa, ringi mpya hufa mwezi huohuo, na lawama anapewa muuza vipuri.

Sukuma ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima pengo la ncha zake: 0.15 hadi 0.35 mm. Herufi iliyochongwa kwenye ringi itazame juu, na mapengo yasipangane mstari mmoja. Kilomita 500 za kwanza bila mzigo mkubwa, na usishikilie mwendo mmoja muda mrefu. Tunajua ni siku ambazo mapato yanapungua. Zihesabu ndani ya gharama ya matengenezo tangu mwanzo.

Taa ya mbele ya CG yangu ya volti 6 inawaka kama kibatari. Nibadilishe mfumo wote kuwa volti 12? (Msomaji, Tanga)

Bado. Balbu ya wati 25 kwenye volti 6 inavuta zaidi ya ampia 4. Kiungo chenye kutu cha omu 0.2 tu kinakula volti 0.8, zaidi ya sehemu moja ya nane ya umeme wote, na nuru hushuka kwa kiwango kikubwa kuliko hicho. Kwenye volti 12 kiungo hichohicho kingekula volti 0.4 tu, ndiyo maana mfumo wa zamani hausamehe uchafu.

Washa injini usiku, chukua waya mfupi safi, gusisha ncha moja kwenye ganda la balbu na nyingine kwenye chuma kitupu cha fremu. Nuru ikipanda, tatizo ni athi (njia ya umeme kurudi kupitia fremu). Kwangua rangi pale waya wa athi unapofungwa kwenye fremu mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu yake. Fanya vivyo hivyo kwenye soketi ya balbu na swichi ya taa. Isipopanda hata kidogo, pima umeme unaotoka kwenye koili ya taa iliyo nyuma ya sumaku.